Mkunazi wa Kilburn

Nikiwa bado na umri wa kung'oka meno ya mbele, niliamini kwamba miti inasikia, na kwamba mti wa uani kwetu Kilburn ulisikia kuliko mingine yote kwa sababu haukuwa na kazi nyingine. Leo ni mtu mzima, nina miwani na magoti yanayolalamika nikipanda ngazi, na bado nikipita karibu na mti wa namna ile hupunguza sauti. Wanangu hunicheka. Wao wamezaliwa hapahapa London. Nikisema nao Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, na hawajui kwamba mama yao alikulia katika nyumba ambayo wapangaji wake wengine hawakuonekana kwa macho.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Bi Brida. Jina lake hasa lilikuwa Bridget, lakini bibi yangu hakuwa na subira na majina yanayokatika ghafla mwishoni, akalikata na kulishona upya. Bi Brida alikuwa Muayalandi, mjane asiye na mtoto, mwenye mikono mikubwa iliyokuwa myekundu kwa miaka mingi ya kufua mashuka ya hoteli. Yeye alikaa chini. Sisi tulikaa juu, Baba na Mama, mimi, na Bibi mzaa baba, katika vyumba viwili vilivyonuka kabichi kutoka chini na bizari kutoka kwetu.

Tulitoka Unguja baada ya Mapinduzi, tukakaa Mombasa mpaka nikapata akili, kisha Baba akapata kazi ya kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini huku London, akatuvuta sote. Mtu mmoja tulimwacha nyuma. Ami Saidi, mdogo wake Baba, alichukuliwa nyumbani kwa Bibi siku zile za mwanzo, ati akaulizwe maswali kidogo. Hakurudi. Wako waliosema yuko gerezani, wako waliosema kaonekana Dar es Salaam akiuza vitambaa, na Bibi aliwaamini wote kwa pamoja.

Alikuwa akimshonea kofia. Ilikuwa ile kofia nyeupe ya viua, ya matundu madogo madogo yanayozungushiwa uzi mpaka macho yanatoka machozi. Kila ilipokaribia kwisha, Bibi aliona kosa, akafumua upande mzima na kuanza tena. Kila mara Baba alimtazama, akatoka chumbani. Mimi nilidhani Bibi hajui kushona, nikamwonea huruma.

Sasa huo mti. Ulisimama peke yake mwisho wa uani, umeinama kama mtu aliyeangusha sindano. Siku ya kwanza Bibi alipouona, alishika tawi kwa vidole viwili, akaitazama miiba yake, akavitazama vitunda vyekundu vilivyosalimika na baridi, akasema, "Huu mkunazi. Mkunazi wa Kizungu."

Haukuwa mkunazi. Nimeshasoma vitabu vya miti tangu wakati ule na najua kwamba hata undugu wao ni wa mbali sana. Lakini kwetu mkunazi si mti wa kuchezea. Majani yake ndiyo yanayotiwa katika maji ya kumkoshea maiti, na wazee husema kwamba hauachwi bila ya wenyewe. Hilo ndilo neno la Bibi, wenyewe. Hakuwataja kwa jina, wala hakusema ni majini au ni nini. Alisema wenyewe, kama unavyouliza mlangoni kwa mtu, mwenyewe yupo?

"Ukitaka kitu cha mti, piga hodi kwanza," aliniambia. "Kila mahala pana wenyewe, mwanangu. Hata huku kwenye baridi."

Bi Brida naye alikuwa na mambo yake na mti ule. Hakufunga kamba ya nguo kwenye shina lake ijapokuwa ndipo palipokuwa na jua, na kijana wa jirani alipojitolea kuukata, alimtoa uani kwa ufagio. Tulidhani anaupenda. Yeye na Bibi walikunywa chai pamoja kila alasiri, Bibi akisema Kiswahili polepole, kwani aliamini kwamba mtu yeyote mwenye akili atakifahamu kikisemwa polepole, na Bi Brida akimjibu kwa Kiingereza cha kwao chenye kupanda na kushuka. Miaka ile Waayalandi walikuwa wakinong'ona kwenye mabasi, maana kwao mapigano yalikuwa yameanza kuwaka tena na Waingereza waliwatazama kwa jicho baya. Mezani kwake Bi Brida alisema kwa sauti yake yote. Juu ya jiko la makaa aliweka picha ya kijana mwenye masikio makubwa na koti linalombana. Nilipouliza ni nani, alisema ni Dani, kaka yake, na akaniongeza biskuti ili ninyamaze.

Kisha ukaja mwezi wa Mei. Asubuhi moja nilifungua pazia nikaona mti wa uani umekuwa mweupe wote, kama uliotupiwa shuka. Bibi wakati ule alikuwa na homa ya kifua na alilala akielekea ukutani. Usiku nilikuwa nimemsikia akisema kwamba katika vitu vyote alivyoviacha Unguja, kinachomliza ni asumini, ile harufu ya kitanda kilichotandikwa vizuri.

Nikashuka. Nilisimama mbele ya mti kwa adabu zote, nikasema, "Hodi, wenyewe. Nataka maua ya Bibi. Si mengi." Nilingoja. Ua moja liliniangukia mkononi, na mtoto wa Kiswahili anajua karibu ni nini. Nikavunja matawi, nikachomwa, nikapanda nayo juu na kuyatapanya maua juu ya mto wa Bibi na pembeni mwa kitanda. Harufu yake haikuwa ya asumini. Ilikuwa tamu, na chini ya utamu mlikuwa na kitu kingine kisichopendeza, kama chumba kilichofungwa muda mrefu. Lakini Bibi aligeuka, akayagusa, akatabasamu, nami nikaona nimeshinda.

Bi Brida alipanda na maziwa ya moto ya mgonjwa. Alifika mlangoni akanusa. Sijawahi kuona uso wa mtu ukipauka kwa haraka vile. Aliweka kikombe sakafuni, akaingia, akayakumba maua yote kwa aproni yake, na kuyatupa dirishani. Kisha akanishika mabega.

"Nani amekwambia uyaingize ndani? Nani? Hujui kuwa yakiingia, kuna mtu anatoka kwa jeneza?"

Kiingereza changu kilikuwa na umri wa majira mawili tu, kimejaa matundu. Nilitaka kusema kwamba sikuiba, kwamba niliwaomba ruhusa wenye mti. Nikalitafuta neno la wenyewe, nikalipata lile la karibu kabisa.

"I asked themselves," nikasema.

Mwalimu wangu angelipiga mstari mwekundu. Mwingereza yeyote angeuliza, akina nani? Bi Brida aliniachia mabega, akakaa chini kwenye ngazi. Kumbe kwao nao hawawataji. Kumbe nao husema hivyohivyo, wenyewe, kwa sauti ya chini, na mti wa namna ile ndio makao yao. Nilikuwa nimekosea Kiingereza, nikasema Kiayalandi bila ya kujua.

"Uliwaomba," akasema. "Mtoto mdogo hivi, na uliwaomba." Halafu, si kwa kuniambia mimi, "Mimi sikuwaomba."

Siku zilizofuata zilipita kama ndoto ya mchana. Mvua ilikuwa nyepesi isiyolowesha, mwanga ulikawia madirishani mpaka baada ya chakula cha usiku, na Bi Brida alizunguka nyumba akigusa milango, akihesabu pumzi zetu. Homa ya Bibi ilishuka. Nilianza kuamini kwamba wenyewe wamenisamehe. Kisha Jumamosi akaja Bwana Masudi.

Alikuwa jirani wa zamani wa Bibi, mtaa mmoja Unguja. Alikuwa amefunguliwa gerezani, akapita Mombasa, akafika London, na akatuulizia mpaka akatupata. Mama alimwekea chai na vitumbua. Hakuvigusa. Alimwamkia Bibi, akakaa na kofia yake magotini, akaizungusha na kuizungusha.

"Mama," akasema, "nilikuwa chumba kimoja na Saidi."

Bibi alikuwa ameishika kofia ya viua. Sindano ilisimama.

"Hakuumaliza hata mwezi ule tuliochukuliwa. Nilikuwapo. Nimekuwa nikitafuta uso wa kukwambia."

Mama akapiga kelele. Baba akageukia ukuta. Bibi alisema, "Inna lillahi," kwa sauti ya kawaida kabisa, akachomeka sindano mahali pake, na ndipo akalia, kilio cha chini kisichokwisha kinachotoka kwa mtu aliyekuwa amekizuia kwa miaka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani. Nilijua aliyemuua Ami Saidi. Nilikuwa nimeingiza maua, na mtu ametoka.

Nilijificha chini ya ngazi, penye ndoo na mafagio. Huko ndiko Bi Brida alikonikuta. Kilio alikuwa amekisikia. Kilio hakina lugha. Aliniuliza ni nani, nikamwambia mtoto wa Bibi, na nikamwambia ni mimi. Aliinama, na mwili wake mkubwa ule, akaingia chini ya ngazi pamoja nami. Hakuniambia kwamba si mimi, na nilimwelewa. Alikuwa hana hakika kama ni kweli. Alinishika mkono tu.

"Njoo," akasema mwisho. "Twende kwake wote wawili. Nina la kumwambia, na wewe utanisemea."

Basi nikasimama katikati ya chumba, baina ya kitanda cha Bibi na kiti cha Bi Brida, nikafasiri. Nimefasiri mengi tangu hapo, mahakamani na hospitalini, ndiyo kazi yangu, lakini kila mara nikifungua mdomo nakuwa nimesimama pale.

Bi Brida alisema kwamba zamani, kwao Ayalandi, alikuwa na umri kama wangu au kuupita kidogo. Vijana wa kwao walikuwa wakipigana na Waingereza, wajitawale, vijana wasio na viatu vya maana, wakilala milimani na mazizini. Dani alikuwa mmoja wao. Majira yote ya baridi hakukanyaga nyumbani. Ikaja salamu mwezi wa Mei kwamba atashuka jioni, ale, abadili shati. Na yeye, kwa furaha ya kumngoja kaka yake, alikwenda kwenye mti mweupe wa ukingoni mwa shamba, ule usioguswa, akajaza jiko zima maua. Mama yao aliporudi kutoka kukama ng'ombe, Dani alishakaa mezani na maua yamemzunguka kama bwana harusi. Mama aliyatupa nje. Alfajiri askari walikuwa wameizunguka nyumba. Walimpiga risasi ukutani, shati lile safi mwilini.

"Mama yangu aliniangalia," akasema Bi Brida, "akaniambia, wewe ndiye uliyeyaingiza. Hakulirudia neno lile. Wala hakuliondoa. Nimekuja nalo mpaka huku."

Nilifasiri hayo kwa sauti ndogo, kwa sababu kila nililolisema lilikuwa langu pia. Bibi akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Muulize, nchi waliipata?"

"Waliipata," akajibu Bi Brida. "Si yote. Halafu wakageukiana wao kwa wao."

"Hata kwetu," akasema Bibi. "Bendera ya uhuru ilikuwa hata haijachujuka." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Na muulize, usiku ule nani mwingine alijua kuwa kijana anakuja?"

Bi Brida aliitazama mikono yake. Alisema aliyejua ni yule aliyeleta salamu. Watu walinong'ona jina. Lakini mama yake alikuwa ameshapata wa kumlaumu, hakutafuta tena.

Bibi akajinyanyua kwenye mto. Mwezi ule wa homa ulikuwa umemkondesha, macho yake yamekuwa makubwa, na alinitazama mimi kwanza, halafu Bi Brida.

"Mwambie maua hayana mdomo," akasema. "Maua hayaendi kambini kuwaambia askari fulani yupo kwao. Mwenye mdomo ni mtu. Saidi wangu naye alitajwa na mtu, na alitajwa wewe Zuhura hujajua kutembea. Mti huu hata sijauona." Alivuta pumzi. "Na mwambie hivi. Mie ni mama niliyefiwa leo. Mwenye haki ya kulaumu ni mie. Nasema si yeye. Mwambie vile vile ninavyosema. Si yeye, na si wewe."

Nikasema vilevile. Nilisema vibaya, nikilia, bila ya sarufi. Bi Brida aliniomba nirudie, nikarudia. Kisha akaweka kichwa kitandani kwa Bibi, mwanamke wa zaidi ya miaka sitini mwenye mvi, na Bibi akamwekea mkono kichwani kama anavyowekewa mtoto anayesomewa dua.

Jioni ile tulikwenda kwenye mti. Wazo lilikuwa la Bibi, maana alisema lawama imekwisha lakini adabu ni adabu. Chetezo hatukuwa nacho, tukatia makaa katika kikaango kibovu cha Bi Brida na juu yake ubani tuliokuja nao kutoka Mombasa. Bi Brida alichukua kikombe cha maziwa, akasema kwao ndivyo. Mwanga ulikuwa haujataka kuondoka. Ulikaa juu ya kuta za matofali na juu ya madirisha ya majirani waliotuchungulia, sisi wenye vilemba vya kanga na moshi wetu. Sidhani Kilburn ilipata kuona jambo kama lile, lakini Kilburn imezoea watu wa ajabu.

"Hodi, wenyewe," akasema Bibi.

"Themselves," akasema Bi Brida, na akamimina maziwa kwenye mizizi. Aliongeza maneno ya lugha ya kwao ambayo sikuyajua, akalitaja jina la Dani. Bibi naye akalitaja la Saidi. Hapakuwa na upepo. Maua yakaanza kuanguka, machache, halafu mengi, juu ya kanga na juu ya mvi, na hakuna aliyejipangusa. Naapa hapakuwa na upepo. Ni kweli pia kwamba ulikuwa mwisho wa msimu wake na maua yale yangeanguka vyovyote. Nimeyabeba yote mawili muda mrefu, wala hayajawahi kugombana.

Wiki ile Bibi aliimaliza kofia. Hakukuwa na kosa. Ndipo nilipofahamu kwamba tangu mwanzo hakukuwa na kosa lolote, kwamba kofia ikiisha inabidi awepo wa kuivaa. Alishuka nayo chini mwenyewe, akaiangika kwenye pembe ya picha ya Dani, upande mmoja kidogo kama vijana wa kwetu wanavyopenda. "Vichwa vyao saizi moja," akasema. Bi Brida hakuuliza alijuaje.

Bibi alitangulia, kwenye theluji, na tulimkosha kwa maji ya majani tuliyoletewa kutoka mbali, ya mkunazi wa kweli. Bi Brida alifuata miaka mingi baadaye, nami nikiwa nimeshaolewa. Mpwa wa marehemu mumewe alikuja kutoka Ayalandi kufunga nyumba, kijana mpole mwenye haraka, akanikuta mlangoni nimekuja kutoa pole. Alikuwa ameishika ile picha, na kofia bado iko pembeni yake, imegeuka rangi ya maziwa.

"Hii kofia ni ya nani?" akaniuliza.

Kwa wakati ule Kiingereza changu kilikuwa hakina tundu hata moja. Nilikuwa nikilipwa kwa ajili ya usahihi wake. Nikamtazama yule kijana mwenye masikio makubwa, aliyekufa amevaa shati safi, nikamfikiria mwingine ambaye sina picha yake.

"Ya mwenyewe," nikasema, kwa Kiingereza kilekile cha siku ya maua. "Himself."

Mpwa aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa vya kutosha. Alivifunga vyote viwili pamoja katika karatasi moja, kofia juu ya picha, na kuviweka kwenye mkoba wake wa mkononi, si kwenye maboksi.

Sijui kama miti inasikia. Najua kwamba mtoto anaweza kuambiwa neno moja jikoni na akaishi ndani yake mpaka uzee, na kwamba neno la kumtoa linaweza kuwa kwa mtu wa mbali kabisa, anayelala na homa ghorofa ya juu yake. Mimi langu nililiishi mchana mmoja tu. Kila Mei, nikiona mti mweupe kwenye ukingo wa reli au nyuma ya ukuta wa mtu, husimama, nikapiga hodi, nikaushukuru, nikaenda zangu mikono mitupu.